Hilux LN106 ya 1996: nataka kutoa redio ya kaseti, niweke ya Bluetooth na spika nne. Nianzie wapi?

Mwanambozi

Habari za kazi wakuu. Nina Hilux LN106 dabo kebini ya 1996, injini 3L ya dizeli. Redio ni ile ya kaseti iliyotoka nayo kiwandani, spika ni mbili tu za mbele, karatasi zimeshachanika na zinakoroma hata sauti ikiwa chini. Nataka redio yenye Bluetooth na USB, spika nne, na baadaye amplifaya ndogo. Gari ni la shamba: vumbi, makorongo, masika tope mpaka mlangoni.

Ninachotaka kujua ni kama redio yoyote ya dukani itaingia bila kukata dashibodi, waya za Toyota nitaziungaje na waya za redio mpya, na kama fedha ni kidogo nianze na redio au na spika. Na je, alteneta ya gari hili itamudu amplifaya? Kuna fundi anataka kukata plagi ya zamani aunge waya kwa waya kwa solotepu. Sijamruhusu bado.

Fundi Waya

Usimruhusu. Plagi ikishakatwa, kila atakayelishika gari baada ya hapo atakuwa anakisia, na kwenye Toyota kukisia kunaunguza redio. Sababu ni hii: rangi za waya za Toyota na rangi za redio za dukani zinafanana kwa jina ila kazi ni tofauti kabisa. Waya wa njano wa redio mpya ni umeme wa kudumu, mweusi ni ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi), mwekundu ni umeme wa funguo. Upande wa Toyota, njano, nyeusi na nyekundu zote ni waya za spika za nyuma! Anayeunga njano kwa njano na nyeusi kwa nyeusi anaunga waya za umeme za redio kwenye koili ya spika.

Magari mengi ya Toyota kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 yana plagi mbili nyuma ya redio, ya pini 10 na ya pini 6. Ya pini 10 inakaa hivi:

Bluu yenye mstari wa njano: umeme wa kudumu
Kijivu: umeme wa funguo, unakuja funguo ikiwa ACC (hatua ya redio, kabla ya kuwasha injini)
Kahawia: ethi
Kijani iliyokolea: taa za dashibodi
Kijani hafifu: chanya ya spika ya mbele kulia, na bluu tupu ni hasi yake
Waridi: chanya ya mbele kushoto, na zambarau ni hasi yake

Ya pini 6 ni ya spika za nyuma: nyekundu chanya ya kulia, nyeupe hasi yake, nyeusi chanya ya kushoto, njano hasi yake. Kama gari lilitoka na spika mbili tu, plagi hii inaweza kuwepo ikiwa haina waya zinazofika popote, au isiwepo kabisa. Hiyo isikutishe, utavuta waya mpya za nyuma mwenyewe.

Upande wa redio mpya: njano kudumu, nyekundu funguo, nyeusi ethi, ya chungwa taa. Nyeupe na nyeupe yenye mstari mweusi ni mbele kushoto, kijivu na mwenzake mbele kulia, kijani na mwenzake nyuma kushoto, zambarau na mwenzake nyuma kulia. Ile yenye mstari mweusi daima ni hasi. Bluu yenye mstari mweupe ni ya kuwasha amplifaya. Usipokuwa na amplifaya, ifunge ncha kwa tepu na uiache.

Nunua adapta ya Toyota ya pini 10 na pini 6. Ni kitu kidogo, maduka ya redio za magari ya Kariakoo wanazo. Waya za adapta unaziunga na waya za redio ukiwa umekaa mezani, taratibu, kwa lehemu na mpira wa kusinyaa kwa joto juu yake. Ndani ya gari unachomeka tu. Solotepu kwenye joto la dashibodi gundi yake huyeyuka, tepu inateleza, waya mbili zinagusana siku gari linaruka tuta.

Rangi ni mwongozo tu. Gari la mwaka 1996 limeshapita mikononi mwa watu wengi, kwa hiyo kila waya pima kwa mita kabla ya kuunga. Bluu-njano isome volti 12 na ushei hata funguo ikiwa mfukoni. Kijivu isome sifuri funguo ikiwa imetolewa, na isome 12 ukiiweka ACC. Kahawia dhidi ya chuma cha bodi isome ohmu karibu na sifuri. Ukipata tofauti, simama, tafuta fyuzi ya RADIO na ile ya DOME kwanza, maana umeme wa kudumu mara nyingi huja na fyuzi moja na taa ya ndani.

Kuhusu ukubwa: redio ya kawaida ya tundu moja ni milimita 178 kwa 50, ya matundu mawili ni 178 kwa 100. Toyota za baadaye zina tundu la upana wa 200, ndiyo maana redio za upana wa 178 huuzwa na vipande vya plastiki vya kuziba pembeni. Chukua rula upime tundu lako kabla ya kwenda dukani, pamoja na kina mpaka kwenye chuma cha nyuma. Redio isiyo na mlango wa CD ni fupi, inakuachia nafasi ya waya, na kwa vumbi lako ndiyo ya kuchukua.

Kutoa ya zamani: chomoa hasi ya betri. Toa kisahani cha majivu, maana skurubu mojawapo ya fremu hupenda kujificha huko, kisha skurubu za nyota zinazoonekana, halafu vuta fremu kwa vidole kuanzia pembeni. Usifanye asubuhi ya baridi. Plastiki ya umri huo ikiwa baridi inakatika klipu kama biskuti. Acha gari juani nusu saa, klipu zikiwa na joto zinalegea bila kuvunjika. Redio yenyewe imeshikwa na bolti za 10 kwenye mabano mawili ya pembeni. Hayo mabano usiyatupe, redio nyingi za kisasa zina matundu ya skurubu yanayolingana nayo, na ukifunga kwa mabano inakaa imara kuliko ile kola ya bati inayokuja na redio.

Jambo moja la njia mbovu ambalo wengi wanaliruka: nyuma ya redio kuna skurubu ndefu au tundu la skurubu. Lina kazi. Mwisho wa nyuma ushikwe kwa kipande cha bati chenye matundu kwenye chuma cha dashibodi. Redio iliyoshikwa mbele tu inachezacheza kama ubao uliopigiliwa upande mmoja, na baada ya miezi lehemu za plagi ya nyuma zinapasuka ndani. Ndipo utasikia redio inazima kwenye tuta na kuwaka ukiipiga kofi.

Kitunda74

Naongezea kwenye swali lako la nianze na nini. Spika, tena na mlango wenyewe. Redio ya kaseti ikipewa spika nzima zilizofungwa vizuri itakushangaza, lakini redio mpya kwenye karatasi zilizochanika inakoroma vilevile.

Usinunue spika kwa kutajiwa namba ya gari. Hizi Hilux zilitofautiana kulingana na soko, na mafundi wa zamani wameshatanua matundu kwa tindo. Fungua mlango upime vitu vitatu: kipenyo cha tundu, umbali kati ya matundu ya skurubu, na kina. Kina kinapimwa kioo kikiwa kimeshushwa chote, kutoka kwenye uso wa bati la mlango mpaka kwenye kioo. Halafu toa milimita 5 za usalama. Sumaku ikigusa kioo, siku ya kwanza ya kushusha dirisha utasikia mkwaruzo, na utaratibu wa dirisha ndio utakaoumia.

Kina kikipungua, weka pete ya kunyanyua spika ya milimita 10 mpaka 18, ya plastiki ngumu au plaiwudi ya baharini. MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) usitie mlangoni, ikilowa inavimba kama mkate kwenye chai. Hata plaiwudi ipake varnishi pande zote pamoja na kingo na ndani ya matundu ya skurubu.

Sasa maji. Maji ya mvua hupita kando ya kioo na kushuka ndani ya mlango, ndivyo mlango ulivyotengenezwa, yanatoka kwa vitundu vya chini. Kazi ya ile nailoni iliyobandikwa nyuma ya ubao wa mlango ni kuyazuia yasiingie ndani. Mafundi wengi wanaichana na kuitupa, na hapo unapata zulia lililolowa na spika iliyooza. Ikiwa imekwisha, kata nyingine kutoka kwenye nailoni nene ya kufunikia mazao, ibandike kwa gundi nyeusi ya butili, na upande wa chini uhakikishe imeingia ndani ya mlango ili maji yarudi kule. Safisha vitundu vya chini kwa waya, kwa gari la tope huwa vimeziba. Juu ya spika, upande wa ndani ya mlango, tengeneza kofia ndogo ya plastiki, hata kwa chupa ya lita 5 iliyokatwa, ili matone yasianguke kwenye sumaku. Na chagua spika ya koni ya polipropilini yenye pindo la mpira, karatasi tupu haidumu hapo.

Kabla ya kurudisha ubao, gonga bati la nje kwa kifundo cha kidole. Likilia "deng" kama debe, bandika vipande vya butili vyenye foili nyuma ya spika, ukubwa wa karatasi ya A4 viwili au vitatu kila mlango vinatosha. Bati lisafishwe mafuta kwanza kwa spiriti. Watu hutumia lami ya kuzibia paa kwa sababu ni rahisi, ila ikipata jua la mchana inateremka, inanuka, na inaziba vile vitundu nilivyosema.

Chanya na hasi: chukua betri ya tochi ya volti 1.5, gusa waya za spika kwa sekunde moja tu. Koni ikitoka nje, ule uliogusa chanya ya betri ndio chanya. Spika mbili za mbele zikipishana, moja inasukuma nyingine inavuta, besi inafutika katikati ya gari na mtu anadhani spika ni feki.

Spika za nyuma zisikuharakishe. Mbili nzuri mbele zinashinda nne hafifu. Zikija, kila moja iwe na waya zake mbili mpaka kwenye redio. Ukidandia spika ya nyuma kwenye waya za mbele, spika mbili za ohmu 4 zinakuwa ohmu 2, redio inapata moto na kujikata katikati ya wimbo.

Risasi na Lehemu

Hapo kwenye waya mbili kwa kila spika nataka nikazie. Redio za zamani sana zilikuwa na ethi moja ya pamoja kwa spika zote, na kuna watu bado wanafunga hasi ya spika kwenye bodi ya gari. Redio ya kisasa inasukuma spika kwa pande zote mbili: ukipima kila waya wa spika dhidi ya bodi, redio ikiwa imewaka, utakuta volti 6 hadi 7 kwenye chanya na kwenye hasi pia. Kuugusisha hasi na bodi ni kupiga shoti. Ukibahatika redio itajikata, usipobahatika chipu ya sauti imekwenda. Kwa hiyo kagua waya unaopita kwenye bawaba ya mlango. Miaka yote hiyo ya kufungua na kufunga, plastiki yake hupasuka ndani ya mpira na shaba inagusa bati mlango ukifunguliwa tu.

Kuhusu amplifaya. Usiongozwe na maandishi ya 4x50W usoni mwa redio. Tazama fyuzi nyuma: ni ya ampia 10. Kumi mara volti 14 ni wati 140 zinazoingia, na chipu hizi karibu nusu zinaondoka kama joto. Zinabaki 70 au 80 za kugawa kwa spika nne, yaani chini ya 20 kila moja. Kwa kebini ya Hilux hizo zinatosha kusikilizwa juu ya kelele ya 3L. Kwa hiyo maliza kazi ya milango kwanza, sikiliza wiki mbili, ndipo uamue.

Ukiamua, amplifaya ya njia nne ya klasi D, wati 50 halisi kila njia, inatosha kabisa. Wati 200 za sauti zinahitaji kama 250 za umeme, ni ampia 18 ikiwa inapigwa mpaka mwisho. Muziki wa kawaida unakula kama theluthi ya hapo. Alteneta ikiwa nzima itamudu. Ipime hivi: injini ikiwa sailensa ya kawaida (inazunguka bila kukanyaga mafuta), washa taa kubwa na feni ya ndani, pima kwenye nguzo za betri. Inatakiwa 13.8 mpaka 14.4. Ikishuka chini ya 13.2, mkanda, brashi au daiodi vinakudai kabla ya muziki.

Waya wa umeme utoke kwenye betri moja kwa moja. Usiuchukue kwenye kiberiti cha gari wala nyuma ya redio. Kutoka betri mpaka nyuma ya kiti ni kama mita 5. Waya wa shaba wa milimita za mraba 6 kwa ampia 20 unapoteza volti 0.3 njiani, ambayo ni sawa. Wa 2.5 unapoteza 0.7 na unapata moto. Fyuzi ya ampia 30 iwe ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye nguzo ya betri. Kazi ya fyuzi hiyo ni kulinda waya: waya ukikatwa na bati la ukuta wa injini, bila fyuzi pale mwanzo gari linaungua. Pale unapopenya ukuta weka pete ya mpira, halafu ujaze silikoni.

Dukani kwaruza waya kwa kisu. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa. Unyevu wa tope unaila ikageuka unga mweupe kwenye terminali. Rudisha.

Ethi ya amplifaya iwe fupi, chini ya nusu mita, unene uleule wa milimita 6. Kwaruza rangi ya bodi mpaka chuma king'ae, tumia bolti, washa ya spring, kisha paka grisi juu. Bolti ya mkanda wa usalama usiiguse.

Kuweka nguvu: besi na trebo ziwe sifuri, redio iwe robo tatu ya sauti, kitufe cha gain (cha kuongeza nguvu kwenye amplifaya) kiwe chini kabisa. Panda polepole mpaka usikie mkwaruzo, rudi nyuma kidogo, acha hapo. Kichujio kiwe HPF (kinachozuia besi ya chini) kwa hezi 80. Spika ya mlangoni ikiondolewa mzigo wa besi ya chini inapumua, na sauti ya mtu inakuwa safi.

Mwanambozi

Nimefuata. Redio ya tundu moja bila CD imeingia kwa mabano ya zamani, adapta nimeunga mezani, milango imekamilika. Sauti ni nyingine kabisa hata bila amplifaya. Nimeweka amplifaya jana na sasa kuna mluzi, nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka. Upo hata redio ikiwa sauti sifuri. Pia, nikichaji simu kwenye kiberiti kuna mluzi mwingine juu yake.

Risasi na Lehemu

Hongera kwa milango, hapo ndipo kazi ilipo. Mluzi unaofuata injini ni alteneta, na gari lako likiwa la dizeli halina plagi za cheche, kwa hiyo upande wa kuwasha moto tunaufuta.

Tenganisha matatizo mawili. La simu: chomoa chaja uache simu ipige kwa Bluetooth. Mluzi wa pili ukiondoka, ni chaja yenyewe, au ni ethi inayozunguka kupitia waya wa AUX kama unautumia. Bluetooth haiguswi na hilo la pili kwa kuwa hakuna waya.

La amplifaya, injini ikiwa inawaka. Zima amplifaya, chomoa waya za RCA (zinazoleta sauti kutoka kwenye redio) kwenye amplifaya, kisha washa. Zingatia kuzima kwanza, kuchomeka RCA umeme ukiwa umewaka kunaunguza njia nyembamba ya ethi ndani ya redio. Ikiwa mluzi umebaki bila RCA, tatizo ni umeme au ethi ya amplifaya: rudi kwenye bolti, pima ohmu kati ya terminali ya ethi na hasi ya betri ukiwa umezima injini. Ikiwa umeondoka, mluzi unaingia kupitia RCA au redio. Chukua waya mfupi, gusisha ganda la nje la RCA nyuma ya redio na chuma cha mwili wa redio. Mluzi ukinyamaza, ile njia nyembamba imeshaungua, na tiba ni kufunga waya huo uwe wa kudumu. Usiponyamaza, tazama RCA zimepita wapi. Ziende upande mmoja wa gari na waya wa umeme upande mwingine. Zikikutana zivukane kwa pembe ya mraba.

Ethi ya redio nayo. Kwenye gari la umri huu waya wa kahawia unapita viungo kadhaa vyenye kutu kabla ya kufika kwenye bodi. Ongeza waya mmoja wa 2.5 kutoka mwili wa redio mpaka kwenye chuma kigumu cha dashibodi.

Mwisho pima alteneta yenyewe. Mita iwe kwenye volti za AC, kwenye betri, injini ikizunguka. Chini ya 0.1 ni nzuri. Ikifika 0.5 daiodi moja imekufa. Ila jaribu mita yako kwanza kwenye betri injini ikiwa imezimwa: mita nyingi za bei ndogo zinasoma 20 na kitu kwenye AC kwa sababu hazichuji DC. Mita ya namna hiyo weka kando kwa kipimo hiki.

Na kwa injini za 3L, angalia nyuma ya alteneta. Pampu ya vakyumu ya breki imefungwa hapo, inalainishwa na oili ya injini. Sili yake ikichoka oili inaingia ndani ya alteneta, inalowesha brashi, chaji inayumba na mluzi unaanza. Ukikuta weusi wa oili unaotiririka chini ya alteneta, badilisha sili na brashi kwa pamoja.

Mwanambozi

Ilikuwa ethi ya amplifaya. Ohmu 1.8. Nilifunga juu ya rangi. Nimekwaruza, imeshuka mpaka mita inasoma sawa na ncha zake zikigusana zenyewe, mluzi umekwisha. Chaja nimebadilisha. Kilichobaki, FM inakamata stesheni chache kuliko kaseti ya zamani, na nyingine ziko kando kidogo.

Sauti ya Pwani

Salamu kutoka Mombasa ndugu yangu. Hapo kuna mambo mawili, anza na mipangilio. Ndani ya menyu ya redio tafuta eneo la FM. Ikiwa imewekwa Marekani inaruka hatua za 0.2, inasimama kwenye desimali witiri pekee. Capital FM ya Nairobi iko 98.4, redio hiyo itasimama 98.3 au 98.5 na sauti itakuwa na mchanga. Weka Ulaya. Ikiwa ni redio iliyotolewa kwenye gari la Japani, hiyo ni hadithi nyingine: FM ya kule kwa miaka mingi ilikuwa 76 mpaka 90, ya kwetu ni 87.5 mpaka 108. Kuna vifaa vya kushusha masafa vinavyochomekwa kwenye waya wa eriali, lakini stesheni zinasomeka kwa namba zisizo zake na zile kali zinapandana. Afadhali redio ya soko letu.

Pili eriali. Chomoa plagi yake nyuma ya redio. Mita kwenye ohmu: ncha ya katikati na fimbo ya nje zisomane karibu sifuri. Ncha ya katikati na ganda zisisomane kabisa. Zikisomana, maji yameingia kwenye kitako cha eriali. Ganda na bodi nazo zisomane sifuri. Mara nyingi kutu chini ya kitako ndiyo inakata hapo, na mtu ananunua eriali mpya bure. Urefu unaofaa kwa FM ni kama sentimita 75, robo ya wimbi. Zile fupi za mapambo za sentimita 10 achana nazo, shambani zitakunyima kila kitu.

Dereva wa Canter

Naomba kuuliza hapohapo. Nina Canter ya betri mbili, nimeambiwa nichukue umeme wa redio kwenye betri moja tu ili nipate 12. Ni sawa?

Fundi Waya

Si sawa. Gari ni la volti 24, alteneta inachaji betri zote mbili kwa mfululizo kwa volti 28. Ukinyonya moja tu, hiyo inabaki nusu tupu kila siku na mwenzake anachajiwa kupita kiasi mpaka maji yachemke. Baada ya miezi umepoteza zote mbili. Na ukiiunga redio kwenye 24 moja kwa moja, chipu zake zimetengenezwa kwa volti 18 kwenda chini, itakufa siku hiyohiyo.

Nunua kishusha volti cha 24 kwenda 12, cha ampia 10 za kudumu kwa redio peke yake, 20 au zaidi ukiweka amplifaya ndogo. Kifunge kwenye bati linalopata hewa, kisifungiwe ndani ya zulia. Kiwashwe na umeme wa funguo, maana vingine vinakula umeme hata redio ikiwa imezimwa. Milimapia 300 zinazovuja usiku na mchana ni ampia-saa 7 kwa siku. Betri ya 70 ikikaa bila kuwashwa siku nne au tano, stata inaweza kushindwa kuzunguka. Hilo limguse pia mwenye Hilux atakayefikiria redio za skrini kubwa za Android, baadhi zinalala zikiwa zimefumbua jicho moja. Pima: weka mita ya ampia kati ya hasi ya betri na waya wake, funga milango, subiri dakika 20. Ikisoma chini ya milimapia 50, lala.

Na usimwazime mwenye Hilux volti 24 za Canter yako, hata akichomoa fyuzi ya redio na ya amplifaya: gari lake ni la volti 12. Mpe kutoka betri moja tu, ile ambayo hasi yake imefungwa kwenye bodi, injini yako ikiwa imezimwa.